Kizunguzungu cha kusimama na hitilafu nyingine za neva zinazojiendesha: pa kuanzia kutafuta

Baba aliangukia mlangoni alfajiri, akitoka kitandani kwenda kutawadha. Mara ya kwanza alichubuka paji la uso. Mara ya pili, wiki mbili baadaye, tulimkuta amekaa sakafuni ameshikilia fremu ya mlango, macho hayajatulia, anasema, "Ni presha tu hii mwanangu, itashuka." Kila mwezi alikuwa anapimwa presha kliniki akiwa ameketi kwenye kiti, na kila mwezi majibu yalikuwa mazuri. Mimi ni muuguzi. Pamoja na hayo, hadi alipoanguka mara ya pili ndipo nikamuuliza swali lililopaswa kuulizwa tangu mwanzo: baba, ulikuwa unafanya nini dakika ile?

Alikuwa anasimama. Mara zote mbili.

Dalili za mfumo wa neva unaojiendesha, yaani neva zinazofanya kazi bila wewe kuziamrisha, zinachanganya kwa sababu zinatokea sehemu nyingi: kichwa, moyo, tumbo, kibofu, ngozi. Ukizifuata kwa kiungo kinacholalamika utazunguka kwa madaktari watano. Ukizifuata kwa wakati zinapotokea, yaani ulikuwa umesimama, umelala, umekula, umeona damu au kibofu kimejaa, mara nyingi unafika haraka.

Kinachotakiwa kutokea ukisimama

Unapolala, damu imetandaa karibu sawasawa mwilini. Ukisimama, nusu lita au zaidi inavutwa chini, kwenye miguu na tumbo. Ubongo uko juu, na hauwezi kuvumilia kukosa damu hata kwa sekunde kumi. Sasa, kwenye mishipa mikubwa ya shingo, pale unapopapasa mapigo chini ya taya, na kwenye tao la mshipa mkuu unaotoka moyoni, kuna vihisi vinavyotanuliwa na msukumo wa damu. Msukumo ukipungua, taarifa inafika kwenye shina la ubongo papo hapo. Neva ya vagasi, ambayo ni breki ya moyo, inalegezwa. Neva za simpathetiki zinazoshuka kupitia uti wa mgongo zinaamrisha mishipa ya miguu na tumbo ibane. Kwa mtu mwenye afya kazi hii imekwisha kabla hajavaa kandambili, na mapigo yake yamepanda kama 10 hadi 20 tu kwa dakika.

Shuleni tulifundishwa kwamba simpathetiki inakanyaga mafuta na parasimpathetiki, kundi la neva ya vagasi, inakanyaga breki. Kwa moyo mfano huo unafaa. Kwa mishipa ya damu ya miguuni haufai, kwa sababu mishipa hiyo inahudumiwa na simpathetiki peke yake, na tezi za jasho hali kadhalika. Huko hakuna msaidizi. Neva hizo zikiharibika, hakuna kingine cha kuibana mishipa kwa haraka, na mtu anaweza kuwa na presha ya juu akiwa amelala na presha ya chini akiwa amesimama, siku ileile, saa ileile. Familia nyingi zinagombana hapo: mmoja anasema mzee ana presha ya kupanda, mwingine anasema ya kushuka. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi.

Kipimo cha dakika nane

Huhitaji maabara. Unahitaji mashine ya presha ya kufunga mkononi, kiti karibu, na mtu wa kukaa na mgonjwa ili asianguke.

Mlaze kwa dakika tano, asiongee. Pima presha na mapigo, andika. Mwambie asimame. Pima tena baada ya dakika moja, kisha baada ya dakika tatu, mkono ukiwa umeinuliwa usawa wa moyo. Ukiuacha mkono unaning'inia, mashine itasoma juu kuliko ilivyo na utajidanganya. Akianza kuona giza au miguu kulegea, mkalishe mara moja. Kwake kipimo kimeshajibu.

Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika hizo tatu, presha yake inashuka akisimama. Hiyo ndiyo kanuni inayotumika hospitalini. Lakini usiishie hapo, kwa sababu presha inasema kuna tatizo, na mapigo ndiyo yanayosema tatizo liko wapi.

Presha imeshuka na mapigo yamepanda sana

Neva zinafanya kazi. Zinajitahidi kuokoa jahazi, ila maji au damu ndani ya mishipa ni kidogo. Uliza kuhusu kuhara, kutapika, homa, kazi ya juani bila kunywa maji. Muulize mwanamke kuhusu hedhi nzito na ujauzito. Uliza rangi ya choo: choo cheusi kinachonata kama lami ni damu inayovuja tumboni, na huyo haendi kulala, anakwenda hospitali usiku huohuo. Uliza kama anatumia vidonge vya kukojoza kama furosemidi.

Kwetu hapa kizunguzungu kinaitwa haraka malaria au upungufu wa damu. Wakati mwingine ni kweli. Kapime, usidhani.

Presha imeshuka na mapigo hayakusogea

Hapa ndipo alipokuwa baba. Niliandika kwenye daftari: amelala, 156/84, mapigo 74. Amesimama dakika moja, 118/70, mapigo 78. Dakika tatu, 110/66, mapigo 79, na akasema, "Naona kama kuna pazia." Namba ya juu imeshuka kwa 46 na moyo umeongeza mapigo matano tu. Moyo wa mtu aliyepoteza msukumo kiasi kile ungekuwa unakimbia. Wake ulikuwa haujapata habari.

Madaktari wana hesabu rahisi ya hali hii: gawa mapigo yaliyoongezeka kwa namba ya presha iliyoshuka. Ikiwa jibu ni chini ya 0.5, shuku neva zenyewe. Kwa baba ni 5 kwa 46, kama 0.1.

Chanzo kinachoongoza ni kisukari cha miaka mingi. Sukari inaharibu neva ndefu kwanza, ndiyo maana ganzi inaanzia vidoleni mwa miguu, na neva zinazojiendesha zinaharibiwa pamoja nazo bila kuuma. Chanzo kingine ni ugonjwa wa Parkinson, ambao mara nyingine unaanza kwa kukosa choo na kuanguka miaka kadhaa kabla mkono haujatetemeka. Upungufu wa vitamini B12 nao umo, na wanaotumia metformini kwa miaka mingi wajue kwamba dawa hiyo inaweza kuishusha vitamini hiyo. Ni vizuri ipimwe.

Tahadhari moja kwenye hesabu ile: mtu anayetumia atenololi au propranololi mapigo yake yanazuiwa na dawa, kwa hiyo kutosogea kwake hakuthibitishi kwamba neva zimeharibika.

Kabla ya kulaumu neva, mwaga dawa zote mezani

Hili ningependa kila nyumba yenye mzee ilifanye leo. Chukua mfuko wa dawa, mwaga vyote mezani, pamoja na zile alizopewa na jirani na zile za duka la dawa. Dawa za tezi dume kama tamsulosini zinalegeza misuli ya njia ya mkojo, na zinalegeza mishipa ya damu pia. Amitriptilini, ambayo watu wengi wa kisukari wanapewa kwa ajili ya miguu kuwaka moto, inashusha presha ya kusimama. Nifedipini na amlodipini zinapanua mishipa. Dawa za kukojoza zinapunguza maji. Levodopa ya Parkinson inashusha. Sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, inashusha, na mzee hataitaja mbele ya watoto wake, kwa hiyo muulize faraghani, au mtume rafiki yake amuulize.

Baba alikuwa na tamsulosini usiku, amlodipini asubuhi, na kidonge cha kukojoza juu yake. Kila kimoja kiliandikwa na mtu tofauti kwa sababu nzuri. Vyote vitatu vilikuwa vinakutana saa kumi na moja alfajiri kwenye mwili ambao neva zake zilikuwa zimechoka kwa miaka 14 ya kisukari.

Usizisimamishe mwenyewe. Atenololi na wenzake ukiziacha ghafla, presha na mapigo vinaweza kuruka juu kwa hatari. Beba daftari na mfuko wa dawa, mwonyeshe daktari, yeye ndiye apange upya. Kwa baba kidonge cha kukojoza kiliondolewa na ratiba ya vingine ikabadilishwa.

Kilichobaki tulikifanya nyumbani, na ninakieleza kwa sababu kinafanya kazi kuliko watu wanavyoamini. Anakaa ukingoni mwa kitanda dakika tatu, anachezesha vifundo vya miguu na kukunja ngumi, ndipo anasimama. Chupa ya maji ya nusu lita ipo kando ya kitanda na anaimaliza kabla hajanyanyuka. Kwa watu ambao neva zao zimeharibika, maji hayo yakinywewa upesi huanza kupandisha presha ndani ya dakika chache na kufika kilele kama baada ya nusu saa. Tuliweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa. Sababu yake ni hii: akilala bila kichwa kuinuliwa presha yake inapanda, figo zinatoa mkojo mwingi usiku kucha, na asubuhi anaamka amekauka. Anakojoa akiwa amekaa. Sahani ya ugali ya mchana tuliigawa mara mbili, kwa sababu baada ya mlo mzito damu inakimbilia tumboni, na katika saa mbili zinazofuata presha inaweza kushuka hata akiwa ameketi. Akiona giza ghafla akiwa njiani, anapishanisha miguu na kubana mapaja kwa nguvu, au anachuchumaa kama anafunga viatu.

Chumvi watu wataikutajia. Kwa mwenye presha ya kupanda, ugonjwa wa moyo au figo, usimwongezee chumvi bila daktari kusema. Na anayetaka kufunga Ramadhani akiwa na hali kama ya baba, aende kwa daktari wake mwezi wa Shaabani, asisubiri siku ya kwanza ya saumu.

Presha haishuki, lakini moyo unakimbia

Msichana wa miaka 20 akisimama, mapigo yanatoka 75 hadi 120, presha imetulia, anatetemeka, kichwa chepesi, hawezi kusimama foleni. Mapigo yakiongezeka kwa 30 au zaidi ndani ya dakika kumi za kusimama (40 au zaidi kwa wenye miaka 12 hadi 19), na hali ikaendelea kwa miezi mitatu au zaidi, kuna ugonjwa ambao madaktari wanauita POTS. Wengi wanaoupata ni wasichana na wanawake vijana, na kwa baadhi unaanza baada ya maambukizi ya virusi. Baada ya UVIKO-19 umeonekana sana. Kabla ya kuuita hivyo, upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, homa na ujauzito viondolewe kwenye orodha. Naomba jambo moja kwa walimu na wazazi: binti huyu asiambiwe ni uvivu au ni wasiwasi tu. Mpime kwanza akiwa amelala, kisha akiwa amesimama.

Na kama presha na mapigo vyote viko sawa, ila chumba kinazunguka anapogeuza kichwa kwenye mto, tatizo linaelekea kwenye sikio la ndani. Hiyo ni njia nyingine kabisa.

Aliyezimia msibani, kwenye gwaride, au mbele ya sindano

Kuzimia kwa aina hii ndiko kunakotokea zaidi kwa vijana. Kusimama muda mrefu juani, kuona damu, maumivu au uchungu wa msiba vinafanya neva ya vagasi ikanyage breki ya moyo, na wakati huohuo mishipa ya damu inalegea. Kabla ya kuanguka mtu anapauka, anatoka jasho la baridi, anasikia kichefuchefu, sauti zinakuwa za mbali. Akianguka, mlaze chali, inua miguu yake, wasogeze watu. Usimnyanyue kumkalisha, kwa sababu kulala ndiko kunakorudisha damu kichwani. Usimwekee maji mdomoni. Kutikisika kidogo kwa sekunde chache hakumaanishi kifafa.

Lakini anayezimia katikati ya mbio, au akiwa amelala, au ghafla bila dalili yoyote ya awali, au mwenye ndugu aliyekufa ghafla angali kijana, huyo apimwe moyo kwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Asirudi uwanjani kwanza.

Kisukari na viungo vinavyonyamaza

Tumbo linajaa baada ya matonge machache na chakula cha jana kinatapikwa leo: neva ya vagasi haisukumi tena tumbo. Mkojo hautoki wote, UTI zinarudi kila mara: kibofu hakisikii kwamba kimejaa. Miguu mikavu inapasuka huku uso unatiririka jasho mtu akila. Nguvu za kiume zinapungua. Mapigo yanazidi 100 akiwa amepumzika tu. Dalili hizi watu wanazitibu mojamoja kwa miaka, kila moja kwa dawa yake, na hakuna anayeziweka kwenye karatasi moja.

Kuna nyingine mbili zinazoua. Ya kwanza: sukari inashuka bila ile jasho na kutetemeka kunakoonya, kwa hiyo mtu anapitiliza moja kwa moja hadi kuchanganyikiwa. Huyo anatakiwa kupima sukari kwa saa zilizopangwa, asisubiri kujisikia vibaya. Ya pili: shambulio la moyo lisilouma. Mwenye kisukari akikosa pumzi ghafla, akichoka kupita kawaida au akitoka jasho bila sababu, mpeleke hospitali hata kama kifua hakimuumi.

Aliyevunjika uti wa mgongo: hapa fanya kinyume

Sura hii ninaiandikia familia za walioanguka kutoka kwenye mnazi au mwembe, na za vijana wa bodaboda. Jeraha likiwa kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, neva za simpathetiki zilizo chini zimekatika mawasiliano na ubongo. Kibofu kikijaa, taarifa inapanda hadi penye jeraha inakwama, lakini njiani imeshawasha neva hizo: mishipa yote ya chini inabana kwa nguvu na presha inapaa. Ubongo unaona presha, unapunguza mapigo ya moyo, unafungua mishipa ya uso, lakini amri ya kulegeza huku chini haipiti. Mgonjwa anaumwa kichwa kama kinagongwa nyundo, uso mwekundu na jasho juu ya jeraha, ngozi ya baridi chini yake.

Namba zinadanganya hapa. Presha yake ya kawaida huenda ni 90 au 100. Akifika 140 mtu asiyejua atasema ni nzuri. Kwake ni dharura, na inaweza kuleta kiharusi.

Usimlaze. Mkalishe wima, miguu ining'inie. Legeza mkanda, soksi, kila kinachobana. Fuata mpira wa mkojo kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho: umekunjika chini ya paja? Mfuko umejaa? Mpira umeziba? Kama hana mpira, kibofu kitolewe mkojo. Kisha angalia choo kilichokwama, kidonda cha mgandamizo, kucha iliyoota kuingia ndani, na kwa mjamzito, uchungu wa kujifungua. Pima presha kila baada ya dakika chache. Isiposhuka upesi, hospitali, na umwambie atakayewapokea maneno haya: uti wa mgongo umekatika, presha yake ya kawaida ni kiasi hiki, leo ni kiasi hiki.

Dawa ya wadudu

Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi alisisimua neva ya vagasi ya moyo wa chura, akachukua maji yaliyouzunguka moyo ule na kuyaweka kwenye moyo wa chura mwingine. Moyo wa pili ukapunguza mwendo bila kuguswa. Maana yake neva ilikuwa imemwaga kemikali kwenye maji yale. Kemikali hiyo ni asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi alipata Tuzo ya Nobeli pamoja na mwanasayansi mwenzake Henry Dale. Nyingi ya dawa kali za kuulia wadudu shambani zinazuia kimeng'enya kinachoivunja kemikali hiyohiyo, kwa hiyo inarundikana. Mtu anatokwa mate, machozi, jasho na kamasi, anaharisha, anajikojolea, mboni zinasinyaa kama ncha ya sindano, moyo unaweza kwenda polepole, mapafu yanajaa majimaji.

Ukimkuta hivyo akitoka kupulizia mahindi au pamba, vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, mvue nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, mkimbize hospitali pamoja na chupa ya dawa ili wasome lebo. Dawa yake, atropini, iko huko. Maziwa si dawa ya sumu hii, na kumtapisha kunaweza kupeleka sumu kwenye mapafu.

Kwa haya mengine yasiyo ya dharura, karatasi moja inatosha kwenda nayo kliniki: tarehe na saa ya kila tukio, alikuwa anafanya nini, alikula au kunywa nini kabla yake, namba za kulala na za kusimama pamoja na mapigo, na orodha ya dawa zote. Siku ya baba nilimwandikia pia sentensi ya kusema, maana ni mtu wa haya mbele ya madaktari. Aliisoma kutoka kwenye karatasi, amevua kofia: "Daktari, naomba unipime na nikiwa nimesimama."